Mshauri wa Kodi na Majina Yaliyozikwa

Mshauri alikuwa haingii dukani kwa mlango wa wateja. Alizunguka nyuma, akapita kwenye maboksi matupu na mapipa ya maji, akaingilia stoo. Mara ya kwanza nilipomwona anazunguka nyuma ya chumba changu pale Kambarage, Shinyanga, nilidhani anatafuta choo, nikamwelekeza. Akanishukuru, akaenda kukitazama, kisha akarudi kuniuliza kinatumiwa na wapangaji wangapi. Nikajisemea, huyu leo nimepatikana naye.

Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka kompyuta. Mimi nilikuwa mpiga chapa, nina taipureta yangu moja nzito na chumba kinachotazama barabara, nikamkodisha nusu ya chumba. Wiki hiyohiyo akagongelea mlangoni kipande cha plaiwudi kilichoandikwa: USHAURI WA KODI NA KOMPYUTA. Watu walisimama kukisoma, wakacheka. Kodi waliijua, ndiyo iliyowafanya wapite vichochoroni na baiskeli zao. Kompyuta waliisikia tu redioni. Ila hivyo viwili vinakutana wapi, hakuna aliyejua, na nikiri kwamba hata mimi sikujua. Basi tukamwita Mshauri, likawa ndilo jina lake.

Alikozaliwa na nani alimzaa sikuwahi kuambiwa, na sitajifanya najua. Alikulia Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, katika nyumba zenye namba na mabomba yanayotoa maji kweli. Huko kila kitu kilikuwa na namba, alisema, hadi mapipa ya taka. Nyumba ikishapewa namba, hata akihama mtu na kuingia mwingine, namba ni ileile. Alilisema hilo kwa raha, kama mtu anayesimulia chakula cha mama yake.

Mteja wake mkubwa alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Mabati. Babu yake ndiye aliyefungua lile duka, na yeye alizungumza Kisukuma kizuri kuliko mimi. Wakati ule serikali ilikuwa inaleta kodi mpya, VAT, na wenye maduka wote walikuwa wamechanganyikiwa: risiti ziwe na namba, kila mauzo yajulikane yamekwenda kwa nani, na kila mwezi karatasi zipelekwe ofisi ya mapato. Mshauri akamwambia anaweza kuiweka kazi yote hiyo ndani ya mashine. Mzee akakubali ajaribu. Kesho yake akamkuta stoo, amekaa juu ya mfuko wa saruji, mikono mitupu.

"Mama, unatafuta nini huku nyuma?"

"Nataka kuona misumari inaingiaje."

"Inaingia kwa mlango."

"Na inatokaje?"

"Kwa mlango!"

"Basi, hapo katikati ndipo ninapotaka kukaa."

Alikaa siku tatu. Hakuandika hata neno moja, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, watu wakiona kalamu wanaanza kuuza kwa adabu. Siku ya nne akarudi chumbani kwetu, akabonyeza kibodi toka asubuhi hadi giza likaingia. Wapakuzi, makarani, hata mama wa chai pale dukani, wote alikuwa amewauliza maswali. Sijawahi kuona mtu mwenye kiu ya kujua mambo ya watu namna ile, na mimi mwenyewe si mtu wa kufumba macho.

Wanaume walikuja kumtafuta fundi. Huo ulikuwa mchezo wa kuigiza wa bure. Mwanamume anaingia, anamkuta Mshauri kwenye mashine, anauliza, "Fundi wa kompyuta yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Hapana, namaanisha fundi mwenyewe."

Siku ya kwanza alieleza. Siku ya pili alieleza. Siku ya tatu akamwambia mtu, "Ametoka kidogo, subiri." Akainuka, akatoka nje, akahesabu pumzi zake kadhaa, akaingia tena kwa mlango uleule, akampa mkono: "Karibu, nimeambiwa unanitafuta." Yule bwana alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaeleza shida yake. Mimi nilikuwa nimeinamia taipureta, nimeuma upande wa khanga nisicheke.

Alikuwa na vituko vyake, lakini. Alifundisha mji mzima kutunza karatasi, na ufunguo wa nyumba yake mwenyewe aliupoteza kila mwezi, mpaka nikaanza kumtunzia nakala chini ya taipureta. Alipenda kuuliza, hakupenda kuulizwa. Ukimwuliza kama ana mume, anakujibu, "Kwani unataka kuolewa naye?" Aliwacheka wachimbaji wa dhahabu kwa mambo yao ya mkosi na bahati, halafu kila aliposafiri na kompyuta aliifunga kwa kitenge kimoja chekundu, kilekile siku zote. Siku moja kilikuwa kimelowa kwenye kamba, nikampa changu kikavu. Alikikataa. Akasubiri kile chekundu kikauke, na lori la Mzee Mabati linapiga honi nje. Nikamwuliza, "Huo si mkosi huo unaouogopa?" Akasema ni mazoea tu, tena kwa hasira.

Kitu kimoja kilimkera kuliko vyote, na alikisema wazi. Jina lake halikuwepo kwenye kazi yake. Kila mwezi karatasi zikikamilika, mimi ndiye niliyepiga chapa barua ya kuzisindikiza, na chini kabisa nilipiga: Imeandaliwa na. Baada ya hapo lilifuata jina la bwana mmoja mkaguzi wa hesabu kutoka Mwanza. Huyo bwana alikuja na basi la asubuhi, akanywa soda yake baridi, akatia saini na muhuri, akarudi na basi la mchana. Kompyuta hakuwahi hata kuigusa. Mshauri alisimama pembeni akimtazama anavyopuliza wino ukauke.

Aliwahi kumkabili Mzee Mabati mbele yangu. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mama, kazi ni yako, najua, na Mungu anajua. Lakini wakubwa wakiona jina la mwanamke hapo chini, wataniuliza mara mbili."

"Acha waulize, Mzee. Nina majibu mara mbili."

Mzee akakuna kidevu, akasema tutaona. Mshauri aliniambia siku ile, tukiwa tunakusanya vitu vyetu, kwamba bila saini yake mwenyewe atabaki kuwa mikono ya mtu mwingine, na wenye duka la pili na la tatu hawatamwita yeye, watamwita yule wa Mwanza. Nilimwonea huruma, kwa kweli nilimwonea.

Sasa niseme langu, maana hii habari siwezi kuisimulia nikajiweka kando.

Mzee Mabati alikuwa na tawi Geita, karibu na machimbo. Huko wachimbaji hawanunui kama watu wa mjini. Shimo la kuchimbia dhahabu wanaliita duara, na kila duara lina kundi lake na jina lake. Kundi likija kuchukua nyundo, kamba au karai, karani anaandika jina la duara, si la mtu, kwa kuwa leo katumwa huyu, kesho yule. Risiti hizo zilikuja Shinyanga na lori, zimefungwa kwa mpira. Mimi nilizisoma kwa sauti, Mshauri akayaingiza majina kwenye mashine. "Tumaini. Neema. Tumaini. Subira." Hivyo hivyo, mpaka koo linakauka.

Mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye mke, alikuwa anachimba kulekule. Alikwisha kunieleza kwamba duara likikataa kutoa, au maji yakiingia, au mtu akiumia, hawalihami mara moja. Wanachinja mbuzi, wanalibadilisha jina, wanaanza upya. Na jina la zamani halitamkwi tena na mtu yeyote, kwa sababu ukilitaja umeurudisha mkosi shimoni. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kwamba Tumaini na Subira ni shimo moja, la mdogo wangu mwenyewe. Nilisoma majina yote mawili, nikamwona Mshauri anayaingiza kama wateja wawili, nikanyamaza kimya.

Kwa nini? Asubuhi ya siku ile alikuja mgeni, akaniona namsomea risiti, akamwuliza Mshauri kama mimi ni mwenzake kwenye ofisi. Mshauri, macho kwenye mashine, akamjibu, "Hapana, huyu ni mpiga chapa tu." Ile "tu" yake ilinichoma. Nikasema moyoni, sawa mama, mpiga chapa tu anasoma kilichoandikwa. Sikufikiri ingefika mbali. Nilitaka tu nijue kitu ambacho yeye hakijui, na nikae nacho.

Ikafika mbali. Ofisi ya mapato ilituma mtu Geita kulinganisha orodha ya wateja na wateja wenyewe. Alifanya kazi yake vizuri, sina la kumlaumu. Kwenye orodha alikuta maduara zaidi ya thelathini, machimboni akakuta kumi na mawili. Akiuliza Tumaini iko wapi, watu wanatazama pembeni, wanatema mate, wanaondoka. Nani asingeshuku? Ikaja barua kwa Mzee Mabati: ametunga wateja hewa, au anawaficha wa kweli, na ana wiki mbili za kujieleza.

Mzee akampigia mkaguzi wa Mwanza. Yule bwana akajibu kwa barua kwamba yeye alitia saini kwa nia njema tu, na kwamba orodha ilitengenezwa na mama fulani wa Shinyanga. Hapo akayaandika majina ya Mshauri, yote matatu. Barua hiyo Mzee Mabati aliisoma kwa sauti pale chumbani kwetu, mimi nimekaa kwenye kiti changu. Mshauri akaichukua, akaisoma mwenyewe.

"Haya," akasema. "Hatimaye wameniandika."

Halafu akakaa chini sakafuni, palepale, akalia. Mzee Mabati akatoka nje kwa heshima. Alikuwa amemwambia kabla ya hapo, kwa upole, kwamba ikishindikana itabidi kompyuta iondoke na yeye pia, na mjini kila mtu atajua sababu. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Nikupikie chai?"

Asubuhi alifunga vitu vyake aende Geita, safari hii bila kompyuta, ila kitenge chekundu alikichukua. Nikamwambia nakwenda naye, nikamsalimie mdogo wangu. Hakuuliza kitu. Tulipanda lori la saruji kupitia Kahama, tukafika Geita tumekuwa weupe kama mizimu. Karani wa tawi ndiye aliyemweleza habari ya majina, kwa kunong'ona, baada ya kuulizwa maswali ishirini. Mshauri akamtaka arudie.

"Hivi shimo linabadilishwa jina?"

"Ndiyo, mama."

"Na mlijua wote?"

"Hukuuliza, mama."

Niliangalia viatu vyangu.

Kazi ilibaki moja: kupata kwa kila duara majina yake ya zamani, na kiongozi wa duara aweke alama ya dole gumba kando yake. Na ndiyo kazi isiyowezekana, kwani hayo majina hayatamkwi. Tulifika duara la kwanza, mzee mmoja wa wachimbaji, uso wote vumbi, akamwambia, "Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, lakini jina lile tulilizika na mbuzi. Sisi na watoto wetu hatulitaji."

Mama lishe walikuwa wameacha vyungu, wamekuja kusikiliza. Mshauri akakitoa kile kitenge chekundu, akajitanda kichwani, akafungua orodha.

"Basi ninyi msitaje," akasema. "Nitataja mimi. Ukisikia la kwenu, nyoosha mkono tu. Kama kuna mkosi, uwe wangu."

"We mama we!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Utakufa maskini!"

"Njia nimeshaianza," Mshauri akamjibu, na watu wakacheka, wale wale waliokuwa wanatema mate.

Akasoma. Siku mbili tulizunguka duara hadi duara, jua la utosini, yeye akisoma majina yaliyozikwa kwa sauti ya kutosha kusikika, mikono ikinyooka mmoja mmoja. Nilimwona anavyomeza mate kabla ya kila jina. Yeye aliyewacheka kwa mkosi, aliogopa kama wao, pengine zaidi yao, na bado alisoma. Alipofika duara la Subira akasoma, "Tumaini," na mdogo wangu akanyoosha mkono. Halafu huyu mjinga, badala ya kumtazama aliyesoma, akanitazama mimi. Mshauri akaandika, akafunga kalamu, tukaondoka.

Ile karatasi ilifika ofisi ya mapato kwa wakati, majina mapya upande mmoja, ya zamani upande wa pili, na madole gumba yote. Nilikuwepo, nimebeba faili. Ofisa aliipitia mstari kwa mstari, akauliza, akajibiwa, akauliza tena, akajibiwa tena. Mwishoni akasema, "Sawa. Inaeleweka. Ila hapa chini hapana saini. Nani ameiandaa?"

Mzee Mabati aliinua macho akatazama feni ya darini. Kisha akasema, "Huyu mama hapa." Mshauri akatia saini. Mimi faili likanidondoka.

Tangu hapo mambo yake yalimnyookea. Alipata maduka mawili Kahama, kisha kiwanda cha kuchambua pamba, kisha akahamia Mwanza, akaajiri wasichana wawili. Kwenye ile programu yake aliongeza mstari wa "jina la zamani", na nasikia wenye maduka wa mjini waliushangaa sana. Nusu ya chumba changu ikabaki tupu. Ufunguo wake wa akiba sikuutoa chini ya taipureta, na sikumwandikia. Ningemwandikia nini?

Miaka kadhaa ilikuwa imepita alipokuja. Watu walikuwa wameanza kuniambia taipureta zimekwisha, ninunue kompyuta. Nilikuwa uani, naanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mkeka, nikasikia hatua za mtu zinazunguka nyuma, zinapita kwenye mapipa. Sikuhitaji kugeuka.

"Choo ni kilekile," nikasema.

"Wapangaji wangapi siku hizi?" akaniuliza.

Tukakumbatiana. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani, na kitenge chekundu kimefungwa kwenye mkoba, kimechujuka karibu kuwa cha waridi. Akachuchumaa akaanza kuanika michembe pamoja nami bila kuombwa, akiipanga mistari mistari, Mwadui haijamtoka. Nikaona nisiposema sasa nitakufa nacho.

"Mshauri, zile risiti za Geita. Nilijua."

Hakuacha kuanika.

"Najua kwamba ulijua," akasema. "Yule kijana wa Subira ana pua yako. Na alikutazama wewe."

"Miaka yote hii! Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa na hasira nawe mpaka Kahama. Baada ya Kahama ikabidi nijiulize kwa nini karani nilimwuliza maswali ishirini, mpakuzi nilimwuliza, mama wa chai nilimwuliza, na wewe niliyekaa nawe chumba kimoja sikukuuliza hata moja." Akapangusa vumbi la michembe mikononi. "Nikakumbuka nilivyomjibu yule mgeni. Siku ile niliona umeacha kusoma kidogo, halafu ukaendelea. Nilidhani koo limekukauka."

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, mikono ilikuwa michafu. Nikamwambia anisamehe. Akasema naye nimsamehe yeye, tukawa tunasameheana juu ya michembe kama wajinga wawili.

Kisha akaniambia kilichomleta. Wenye mitumbwi na wanunuzi wa dagaa wa Nkome, kule ziwani, wameungana, wanataka awapangie mambo yao ya kodi kwenye kompyuta. Hajaiwasha mashine bado, hajaenda hata kuwaona.

"Uliwahi kusema shangazi yako anaanika dagaa Nkome," akasema. "Mwaka ule. Nilikuwa nabonyeza, sikusikiliza."

"Yuko huko tangu sijazaliwa. Na kila likizo tulipokuwa wadogo tulikwenda."

Aliingia ndani, nikasikia anaburuta kiti. Nilidhani atakaa yeye. Akakileta uani, akakiweka kivulini, akanionyesha nikalie. Yeye akageuza ndoo yangu tupu, akaikalia chini kuliko mimi, mikono mitupu magotini, hakuna kalamu.

"Haya, Mama Kulwa," akasema. "Unajua nini ambacho sijawahi kukuuliza?"

Nikamwambia aisogeze ndoo kivulini, maana ni mengi.